Mwaka Tuliomfundisha Mama Perez Kusimama

Nilifika Ndhiwa mazishi ya Mama Perez yakiwa yamekwisha. Mahema yalikuwa yanashushwa, vijana wakikunja turubai huku wakigombana juu ya nani ashike pembe ipi, na wapishi walikuwa wanasugua sufuria za kukodi kwa majivu nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa upande wa kushoto wa mlango, saruji yake bado mbichi, na mtu alikuwa ameweka matawi ya miba juu yake ili kuku wasikanyage. Habari ilinikuta Kahama, ninakouza vipuri vya baiskeli siku hizi, nikapanda gari hadi Mwanza, kisha Sirari, kisha Migori, nikidhani nitawahi. Sikuwahi. Mtu anayehama kama ninavyohama mimi huchelewa kila mahali, harusi na matanga, hata akipewa habari mapema.

Adhiambo, binti wa marehemu, alitoka jikoni na karai la vyombo, akaniona, akaliweka chini polepole. Nywele zake zimeanza kuota mvi juu ya masikio. "Mwita wa Sori," alisema, kama mtu anayesoma jina kwenye kadi ya mgonjwa. "Umenenepa."

"Na wewe pia."

"Mimi nimezaa. Wewe unasingizia nini?"

Tukacheka, kisha akanishika mkono akaniingiza jikoni, mbali na wageni. Mume wake, mwalimu mpole ambaye nilikuwa sijawahi kumwona, alikuwa nje akiwaaga watu wa kanisa. Adhiambo ni muuguzi mkubwa sasa, kule Homa Bay mjini. Alinieleza kwamba kiharusi hiki cha pili hakikumngoja mtu: mama yake aliamka, akala, akaketi kizingitini kuota jua, akaondoka. Kile cha kwanza tulikijua sote wawili. Alinivutia kigoda, akaninawisha mikono, akaniwekea ugali na samaki. Nilipokuwa nakula, moshi wa kuni ukiniuma macho, niliona nimerudi kwenye nyumba nyingine, mbali na pale, na nilitamani nisimalize chakula kile.

Sitaeleza nilikotoka wala kilichonifikisha Sori, kijiji cha wavuvi ufuoni mwa ziwa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kwamba mimi ni Mkuria wa milimani, mtu wa ng'ombe, na kwamba Mama Perez alinipa chumba kwa sababu alihitaji mtu wa kubeba kuni. Nyumba yake ilikuwa ya mabati kuanzia chini hadi juu, vyumba viwili na kibanda cha ubavuni, na kibanda hicho ndicho kilikuwa changu. Zamani kilikuwa ghala la omena, wale dagaa wa ziwani. Harufu ilikuwa imeingia kwenye mbao za kitanda, ikaingia kwenye shuka, ikaingia kwangu. Nikienda sokoni Migori paka walinifuata. Asubuhi jua lilipita kwenye matundu ya misumari likadondosha vijiduara vya mwanga ukutani, nami nililala nikivitazama vikishuka hadi nisikie Mama Perez akikohoa upande wa pili, ishara kwamba maji ya kunawa yako tayari. Nimelala kwenye vyumba vingi tangu wakati huo, vingine vya saruji na vigae. Hakuna hata kimoja ambamo mtu alikohoa kunijulisha kwamba amenikumbuka.

Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mweusi wa kung'aa, kiongozi wa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya Wasabato. Siku za kazi alikaanga samaki ufuoni, kwenye karai pana, pamoja na jirani yake Rispa aliyeimba sauti ya pili na kuzungumza kuliko karai linavyochemka. Siku ya kwanza walinipa kichwa cha mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani. Nilikigeuza huku na huku nisijue mlango wake uko wapi.

"Mtazame," Rispa akasema, "anatafuta pembe."

"Mwache mtoto wangu," Mama Perez akamjibu. "Kwao samaki hana miguu ya kumfanya aheshimiwe." Kisha akaniketisha, akanionyesha nyama ya shavuni, laini, karibu na jicho, ile ambayo wenye nyumba hujiwekea. Tulizungumza Kiswahili kwa sababu yangu. Wao kwa wao walirudi kwenye Kijaluo, halafu katikati ya kicheko mmoja wao angekumbuka nipo na kunitafsiria, kicheko kikiwa tayari kimepoa.

Ijumaa mchana nyumba ile ilibadilika. Chakula cha Sabato kilipikwa chote kabla jua halijazama: maharagwe, chapati, samaki wa mchuzi mzito wa nyanya. Na Ijumaa ndiyo siku aliyorudi binti yake, Adhiambo, kutoka Migori, alikokuwa akisomea uuguzi. Alikuwa na umri wangu, au alinizidi kidogo, na alitembea kama mtu anayechelewa mahali pazuri. Jumamosi baada ya ibada tulikula chakula kilichopoa, kisha yeye akatandika mkeka na kufungua masomo yake. Rispa aliwahi kuuliza kama kusoma si kazi, siku takatifu ile. Mama Perez alifikiri, akaamua kwamba kuponya kuliruhusiwa siku ya Sabato, na kwamba hakuna anayeponya asichokisoma. Shauri likaisha.

Muhula ule darasani walikuwa wamefika kwenye somo la kichwa. Adhiambo alitaka mtu asiyejua kitu wa kumweleza. Alisema nikielewa mimi, basi hata ukuta umeelewa. Kwa hiyo nilijifunza jinsi damu inavyofika kwenye ubongo, mimi niliyepata alama mbaya kwenye baiolojia, nikiwa nimejilaza kwenye mkeka huku tumbo limejaa maharagwe baridi. Alichukua vidole vyangu akaviweka shingoni mwangu, chini ya taya. "Sikia." Nikasikia pigo. "Huo ni mshipa mmoja. Mwenzake uko upande ule. Ipo miwili mbele, na mingine miwili nyuma, imejificha ndani ya mifupa ya shingo. Bonyeza upande mmoja tu, na polepole. Ukibonyeza pande zote mbili utaanguka, na mimi sijafika hapo kwenye somo." Alicheka, lakini hakuondoa mkono wake upesi. Hadi leo nikiwa peke yangu kwenye chumba kigeni, naweka vidole pale pale, si kwa ajili ya afya.

Mishipa ile minne, alisema, hupanda na kukutana chini ya ubongo, ikaungana kama duara, na kutoka kwenye duara hilo ndipo matawi yanaenda kila upande. Nikauliza kwa nini duara, kwa nini kila mmoja usiende kwake moja kwa moja.

"Ili upande mmoja ukizibwa, mwingine uupitishie."

"Kama wake wenza wanaopitishiana chumvi uani," Mama Perez alisema kutoka kitandani. Tulidhani amelala.

"Mama, wake wenza kama hao wako wapi?"

"Ndiyo maana Mungu aliwaweka kichwani, wasionekane."

Kuhusu ulinzi wa damu ile, Adhiambo alikuwa na shauku ya pekee. Ubongo ni mdogo, alisema, lakini unakula kama mgeni wa heshima, na hauna ghala. Tumbo linaweza kungoja, mguu unaweza kungoja. Ubongo ukikosa damu hata kidogo tu, unazima. Kwa hiyo una namna yake ya kujichotea. Mishipa yake midogo ina misuli. Presha ikija na nguvu, mishipa hujikaza ili mafuriko yasiingie. Presha ikipungua, hujifungua ili kiasi kibaki kile kile. "Si unaenda bombani sokoni? Maji yakija kwa fujo unafunga kidogo. Yakififia unafungua. Ndoo yako inajaa vile vile. Sasa kichwani mwako kuna mikono kama hiyo, mingi sana, na hailali." Tena kila sehemu ya ubongo ikifanya kazi huitisha damu zaidi kuliko jirani yake. Hata pumzi inahesabika: hewa chafu ikizidi kwenye damu mishipa hupanuka, na mtu akipumua haraka haraka kupita kiasi hujibana, kichwa kikawa chepesi.

"Ndiyo maana sisi wa sauti ya kwanza tunaona nyota kwenye ubeti wa mwisho," Mama Perez alisema.

"Mama, lala."

"Nalalaje na nyinyi mnanitangaza?"

Nadhani sijawahi kuwa na furaha kama ile, na kilichonifurahisha ni kitu kidogo: mabati yakilia kwa joto, watu watatu ndani ya chumba kimoja, na mmoja wao akifundisha. Nimeketi na watu wengi baadaye, kwenye migodi na kwenye stendi za mabasi, watu wanaojua mambo. Hakuna aliyetaka sana nielewe.

Mama Perez na Rispa walikuwa na presha ya juu, na siku yao ya kliniki ilikuwa Jumanne, Adhiambo akiwa chuoni. Wanawake wa karai walikuwa na utaratibu wao, nao hawakuuficha. Waliuzungumza kwa sauti, mbele yangu, huku wakigeuza samaki. Vidonge vile viliwapeleka haja ndogo kila mara. Ufuoni hapakuwa na choo, na wavuvi walikuwa wamejaa kila upande. Kanisani kwaya ilisimama mbele ya watu wote, na huwezi kuacha wimbo katikati ukapita kati ya wazee ukielekea uani. Basi siku za kukaanga waliviacha, na siku za kuimba waliviacha. Ila muuguzi wa kliniki alikuwa mkali. Mashine ikisoma juu alimgombeza mtu mbele ya foleni nzima, bibi mwenye wajukuu akaambiwa kama mtoto. Kwa hiyo asubuhi ya Jumanne walivimeza vilivyoachwa vyote pamoja.

"Rispa, umemeza?"

"Nimemeza vya tangu Jumatano. Leo mashine itanikuta msichana."

"Angalia usiolewe tena kwenye foleni."

Nilicheka nao. Kwangu ilikuwa kama mtu anayeosha miguu kabla ya kuingia nyumba ya watu.

Jumanne moja Mama Perez aliondoka bila chai, kwa sababu vidonge vingi vilimchafua tumbo. Mimi nilibeba kikapu. Tulikuwa tupitie sokoni baadaye. Foleni ilikuwa ndefu, jua lilikuwa limefika kwenye benchi. Jina lake liliitwa, akasimama kwa haraka kama anavyosimama mtu mwenye habari njema, akapiga hatua, akashika hewa. Rispa alimdaka kabla hajafika chini. Mwanamke mwingine akamshika kwa nyuma. Wakamnyanyua, wakamketisha kwenye benchi akiwa wima, mmoja akimshikilia kidevu, mwingine akimpepea kwa leso, wengine wakimmwagia maji usoni. Kichwa kiliendelea kuanguka nao wakaendelea kukiinua. Pale kwetu, namaanisha pale Sori, kumwacha mama wa heshima alale mavumbini mbele ya watu ni kumtupa. Anayelazwa chini ni aliyekwisha. Walimshikilia wima kwa mapenzi, kwa nguvu zao zote.

Tabibu alitoka chumbani akikimbia. "Mlazeni! Mlazeni chini!"

"Akilala ataenda!" Rispa alipiga kelele. "Daktari, unataka tumlaze kama maiti?"

"Damu haipandi! Mmeiacha miguuni! Mlazeni!"

Hawakumwachilia. Ilibidi tabibu amvute mwenyewe, akamlaza sakafuni, akamwinulia miguu juu ya benchi. Nakumbuka nyayo zake, zimepasuka visiginoni, zikitutazama, na wanawake wakilia kana kwamba wameibiwa. Alipofungua macho, mkono wa kulia ulikuwa kama wa mtu mwingine aliyeusahau pale. Akafungua mdomo kutuambia jambo. Likatoka neno moja: "Kesho."

Kule Migori, alikolazwa, daktari alizungumza na Adhiambo kwenye ukumbi na mimi nilikuwa nimekaa karibu. Alimuuliza mgonjwa alimeza vidonge vingapi asubuhi ile. Adhiambo akasema kimoja, kama kawaida. Rispa akatazama sakafu. Adhiambo akamtazama; sijawahi kuona uso ukielewa kitu polepole namna ile. Baadaye, Rispa alipokwisha kusema yote, Adhiambo aliketi kando yangu akanieleza kwa sauti ya Jumamosi, sauti ya mkekani. Ubongo uliokaa miaka na presha kali huizoea. Mishipa yake hukakamaa, kuta zikawa nene, ikajipanga kwa nguvu ile kubwa. Ukishusha presha kidogo kidogo inajifunza upya. Ukiishusha kwa ghafla, mishipa haiwezi kufunguka vya kutosha, na zile sehemu za mwisho, zilizo mpakani kati ya mshipa na mshipa, zinakauka kwanza, kama shamba la mwisho kwenye mfereji. Kisha tumbo tupu. Kisha jua. Kisha kusimama ghafla, na kushikiliwa wima. "Mashine ilikuwa ifurahi," alisema. "Ubongo ulikuwa unalia njaa."

Hakumlaumu Rispa. Alimwegemea, na Rispa akalia kwenye bega lake.

Kilichofuata kilikuwa swali la nani atakaa na mgonjwa. Adhiambo alikuwa amebakiza miezi michache tu afanye mtihani wa mwisho, na mtihani ule ulikuwa kila kitu alichokuwa nacho. Wajomba na baba zake wadogo walifika kutoka huku Ndhiwa, wakaketi kwenye chumba cha mbele, na mimi nikiwa kibandani kwangu nilisikia kila neno kupitia mabati. Kwa heshima yangu, sijui kwa nini, walichanganya Kiswahili. "Shule haina miguu," mmoja alisema. "Haitakimbia. Asiye na miguu ni mama yake." Binti arudi nyumbani. Atasoma mwakani, au mwaka wowote Mungu atakaopenda. Nilisikia kisanduku cha bati cha Adhiambo kikifunguliwa, na vitu vikitolewa, vile alivyokuwa amepanga kurudi navyo chuoni.

Niliingia bila kubisha. "Nitakaa naye mimi," nikasema.

Walinitazama. "Wewe ni nani?"

Rispa ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni, mikono kiunoni. "Huyu ni wa nyumba hii. Kuoga na nguo ni juu yetu wanawake. Yeye apike na amtembeze. Kuna mwingine kati yenu anayejua kupika? Basi."

Kwa hiyo nilipika. Ufuoni walinipa jina la mkaza mwana wa Mama Perez. "Mkaza mwana, leo umetuandalia nini?" "Mkaza mwana, mama mkwe ameridhika na ugali?" Nilijifunza kusaga samaki kwa mkono na kutafuta mifupa kwa ulimi kwanza, kupika uji uwe mzito usimpalie, kumlisha akiwa ameketi vizuri na kidevu kimeshuka. Kijiko nilichokosea alikitupa kwa mkono wa kushoto, na alitupa kwa shabaha. Kila kitu kilikuwa "kesho". Kulikuwa na kesho ya njaa, kesho ya nzi, kesho ya funga mlango huo, na moja ndefu, ya kushuka, aliyoitoa jioni kwaya ikifanya mazoezi kanisani na sauti zikipita juu ya mapaa. Hiyo sikumtafsiria mtu yeyote.

Kidonge kilikuwa kimoja, kila asubuhi, na chai. Wanawake wa karai nao walibadilika, bila mtu kuwahubiria: walisimika nguzo nyuma ya sehemu ya kukaangia, wakazungushia magunia yaliyoshonwa pamoja, wakachimba shimo la choo. Wavuvi walicheka wiki nzima. Tangu siku hiyo hakuna aliyeacha vidonge kwa sababu ya ufuo. Kanisani kiongozi mpya wa sauti ya kwanza aliomba kwaya iketi karibu na mlango wa pembeni.

Lililokuwa gumu ni kumsimamisha. Adhiambo alinifundisha Jumamosi, kisha akanisimamia kama mwalimu wa gwaride. Kwanza aamke kitandani aketi. Miguu ining'inie. Achezeshe vifundo, juu, chini, ili misuli ya mguu isukume damu ipande. Angoje. Kichwa kijichotee. Ndipo asimame, na akiona giza, mlaze. Usimshikilie wima hata akilia, hata watu wakikutukana. "Damu ni kama mgeni mzee," alisema, "ukimharakisha mlimani hatafika." Nasi tulifanya hivyo kila siku. Mkono wake wa kulia niliukunja na kuukunjua nikimwambia kwamba kule kichwani kuna sehemu inaitisha damu sasa hivi, kwamba ukiiamsha mara nyingi majirani zake watajifunza kazi yake. Sikujua kama ni kweli. Nilimwona akiutazama mkono ule kama mtu anayemngojea mtoto aamue kutii.

Ijumaa Adhiambo alirudi, akampima mama yake presha, kisha akanipima mimi bila sababu. Tulikula maharagwe baridi. Hatukuwahi kuambiana lililokuwa kati yetu. Labda kama Mama Perez angekuwa na maneno yake angetusemea yeye.

Wiki ya mtihani ilipofika, mgonjwa alishikwa na homa ya malaria, akarudi nyuma. Siku kadhaa hakutoka kitandani. Adhiambo alikuwa amekuja kuaga. Baba yake mdogo naye alikuwa amekuja, akiwa tayari na mipango ya kuwahamisha wote wawili hadi Ndhiwa. Asubuhi ya kuondoka Adhiambo aliketi juu ya kisanduku chake mlangoni na kusema haendi. Alisema kwa utulivu. Rispa alimbembeleza, akamgombeza, akatoka nje kupumua. Baba mdogo alisema huyu ni mtoto mwenye akili. Mimi nilisimama na sufuria ya uji mkononi, nikijua kwamba lolote nitakalosema litasikika kama la mtu wa nje.

Kitanda kililia. Mama Perez alikuwa ameshika ukingo kwa mkono wa kushoto, anajivuta. Akaketi. Akaishusha miguu, mmoja kwa nguvu zake, wa pili akiusukuma kwa wa kwanza. Akachezesha kifundo kizuri. Kile kingine kikajaribu, kikatikisika. Akangoja. Hakuna aliyepumua chumbani isipokuwa yeye, na alipumua polepole, kama mtu aliyekumbuka kwamba pumzi nayo inahesabika. Nikaweka sufuria chini nimwendee. Aliinua kiganja. "Kesho," akasema, maana yake: kaa hapo hapo.

Akasimama. Hakushika kitu. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na Adhiambo, ambaye sasa alikuwa amesimama pia, alimtazama midomo na kucha jinsi alivyofundishwa, akiwa binti na muuguzi kwa wakati mmoja. "Mama, unaona giza?"

Mama Perez akatikisa kichwa. Kisha akaunyoosha mkono wa kushoto kuelekea mlangoni. "Kesho! Kesho!" Kwa sauti ile ile aliyofukuzia mbuzi kwenye omena walioanikwa. Baba mdogo, niseme ukweli, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusogea kando.

Adhiambo alibeba kisanduku akaenda. Mama yake alibaki wima hadi hatua za binti ziliposikika zimefika barabarani, ndipo akaketi, akanitazama, akaonyesha uji.

Adhiambo alifaulu. Habari ilipofika Rispa aliimba njia nzima kutoka sokoni. Baada ya hapo nyumba ilijaa; ndugu ambao hawakujulikana walikuja kumsalimia mama wa muuguzi, na binamu mmoja mwenye mikono safi akachukua mwiko. Mama Perez alitembea kwa fimbo hadi kwenye karai, akaketi pembeni kusimamia. Nilikuwa sihitajiki, au ndivyo nilivyoona. Wiki ile ile nilienda Osiri kuchimba dhahabu, kutoka Osiri nikavuka Tarime, na tangu hapo sijakaa mahali nikaona mwaka wa tatu. Watu hudhani natafuta mali. Natafuta kibanda chenye matundu ya misumari na mtu wa kukohoa upande wa pili.

Pale jikoni Ndhiwa, Adhiambo alichukua sahani yangu, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Maneno yake yalianza kurudi mwaka uliofuata," alisema. "Aliuliza, Mwita wapi? Nikamwambia ameenda kazi. Akawa anauliza kila Ijumaa. Mwishowe nikamwambia sijui, maana sikujua." Aliniangalia. "Kwa nini uliondoka?"

"Alikuwa amesimama," nikasema. Ndilo jibu nililokuwa nimelibeba miaka yote ile, na kila nilipojijibu mwenyewe lilitosha.

"Alisimama ili mimi niende," Adhiambo akasema. "Hakuna aliyekuambia wewe uende."

Nje mtu alimwita: "Sister, wageni wa Rongo wanaondoka!" Alisimama, akajifunga leso upya, akafika mlangoni, akageuka. "Usitoke hapo, Mwita. Usiku kuna maombi ya familia."

Nilimsikia akicheka na wageni, akiwashukuru. Barabarani gari la mwisho la Migori lilipiga honi, likangoja kidogo, likapiga tena. Nilivua viatu.